Zamiokulka: Namna ya Kuupandikiza Mmea wa Pwani na Kuusaidia Kushika

Utangulizi

Kuna mmea mmoja wa majani ambao katika miaka ya hivi karibuni umejipatia nafasi kubwa katika ofisi, kumbi za hoteli, benki na sebule za watu, nchini Kenya na ng'ambo. Majani yake ni ya kijani kilichokolea na humetameta kana kwamba yamepakwa mafuta. Hauna maua ya kujivunia, na wala haunukii. Hupendwa kwa ajili ya majani yake na kwa ustahimilivu wake. Wataalamu wa mimea huuita Zamioculcas zamiifolia. Wauzaji na wanunuzi wengi huutambua kwa herufi mbili tu za mwanzo za jina hilo. Katika makala haya utaitwa zamiokulka.

Jambo la kushangaza ni kwamba mmea huu unaodhaniwa na wengi kuwa mgeni kutoka Ulaya au Asia ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Humea wenyewe katika misitu mikavu, vichaka na maeneo ya mawe kuanzia Kenya, kupitia Tanzania pamoja na Zanzibar, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Uliondoka ukiwa kiazi cha porini, na ukarejea ukiwa bidhaa ya dukani yenye maelezo ya lugha ya kigeni.

Makala haya yananuia kufafanua namna ya kuuhamisha mmea huu kutoka chungu kimoja hadi kingine, na jinsi ya kuusaidia utulie baada ya kuhamishwa. Aidha, yatagusia istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika shughuli hii, maadamu maelezo yenye istilahi zisizo wazi yanaweza kuuangamiza mmea sawasawa na ukame au baridi.

Asili na Maumbile ya Mmea

Zamiokulka ni wa jamii ya majimbi, ambayo kitaalamu huitwa Araceae. Kwa hivyo, ni ndugu wa nduma zinazopikwa katika jikoni nyingi za Kenya. Undugu huo umo ndani ya jina lenyewe. Sehemu ya kwanza yatokana na Zamia, kundi la mimea ambayo majani yake yanafanana na ya mmea huu. Sehemu ya pili yatokana na neno la Kiarabu qulqas, ambalo ni jina la jimbi. Msomi wa Kiswahili aliyezoea kufuatilia nyayo za Kiarabu katika lugha yake hana budi kutabasamu anapozikuta katika Kilatini cha wanabotania.

Maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuhusu mmea huu yalichapishwa mwaka 1829 na Loddiges, aliyekuwa na kitalu mashuhuri cha mimea huko Hackney, London. Wakati huo uliwekwa katika kundi jingine. Jina unaloitwa leo lilithibitishwa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1905. Hata hivyo, haukuenea madukani hadi mwaka 1996, vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi kwa ajili ya biashara.

Ili kuupandikiza mmea huu vizuri, ni sharti mtu aelewe kwanza maumbile yake, kwa kuwa sura yake hudanganya. Kile kinachodhaniwa kuwa shina lililosimama wima ni kikonyo cha jani moja kubwa. Vile vinavyodhaniwa kuwa majani ni vijani vya jani hilo, ambavyo hujipanga jozi kwa jozi. Shina halisi limejificha chini ya udongo. Ni nene, la mviringo, na limejaa maji. Shina la namna hii, kama lile la tangawizi, huitwa tunguu.

Tunguu ndilo ghala la mmea. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa majani na vikonyo pia ni maji. Hii ndiyo sababu mmea huu unaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyweshwa. Porini, kiangazi kikizidi, hudondosha vijani vyake na kusubiri mvua huku tunguu likiwa salama ardhini. Fauka ya hayo, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulibainisha kwamba zamiokulka, hasa unapokosa maji, unaweza kuvuta hewa ya kaboni usiku wakati jua limetua, na hivyo kupunguza kiasi cha maji kinachopotea kupitia majani. Sifa hii aghalabu huhusishwa na mimea ya jangwani.

Ni bayana basi kuwa adui mkubwa wa mmea huu ukiwa chunguni si ukavu bali ni maji mengi. Huu ndio msingi wa maelezo yote yanayofuata.

Istilahi za Kimsingi

Kiswahili kina hazina ya kutosha ya maneno ya kilimo. Tatizo ni kwamba baadhi ya maneno hayo hutumiwa kiholela.

Kitenzi atika hutumiwa hasa kwa miche michanga, kama ile ya mpunga, inayong'olewa kitaluni na kupandwa shambani. Kitenzi pandikiza kina upana zaidi: hutumiwa kwa mmea wa umri wowote unaohamishwa, na hata katika tiba, ambako watu huzungumzia upandikizaji wa figo. Kwa zamiokulka iliyokomaa, pandikiza ndilo neno mwafaka. Mmea uliopandikizwa ukianza kuota mizizi mipya husemwa kuwa umeshika. Neno hili ni fupi na la kawaida, lakini hubeba lengo zima la kazi yenyewe: mizizi haijakamilisha wajibu wake mpaka iushike udongo.

Maneno yanayoleta utata mkubwa ni udongo na mchanga. Katika Kiswahili sanifu, mchanga ni chembe ngumu zinazopatikana ufuoni na mtoni, ambazo hazishikamani wala hazihifadhi maji. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, hasa bara, watu wengi huita udongo wowote mchanga. Mtu akiambiwa aongeze mchanga chunguni, huenda akachota udongo mwekundu wa bustanini, ambao hushikamana na kuhifadhi maji kwa siku nyingi. Atakuwa ametii agizo kikamilifu, na mmea utaoza. Kwa hivyo, katika makala haya mchanga ni ule wa mtoni pekee, ilhali udongo ni ardhi ya kawaida ya kupandia. Nayo mboji ni mabaki ya mimea yaliyooza kabisa hadi yakawa meusi na mepesi.

Kwa Nini Mmea Hutaabika Unapohamishwa

Mmea hufyonza maji kwa vinyweleo vidogo mno vilivyo karibu na ncha za mizizi. Vinyweleo hivi ni dhaifu na hukatika kwa urahisi udongo unapotikiswa. Wakati huohuo, majani huendelea kupoteza maji kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vilivyo kwenye ngozi ya jani. Mimea mingi iliyopandikizwa hunyauka kwa sababu matumizi yamepita mapato.

Zamiokulka hauna shida kubwa ya namna hiyo kwa kuwa una akiba. Tatizo lake liko kwingine. Mizizi na tunguu vikikatika huacha vidonda. Vidonda hivyo vikikutana na udongo wenye maji mengi na hewa haba, vimelea vya kuozesha hupata mlango wa kuingilia. Mwenye mmea naye, kwa kuona majani yamelegea kidogo, huhisi kwamba mmea una kiu na kuumwagia maji zaidi. Huruma hiyo ndiyo inayouua. Mimea mingi ya aina hii hufa mikononi mwa watu wanaoipenda, wala si mikononi mwa walioipuuza.

Wakati Mwafaka wa Kupandikiza

Zamiokulka hukua polepole na hauhitaji kuhamishwa kila mwaka. Kwa kawaida, miaka miwili au mitatu hupita kabla ya haja hiyo kutokea. Dalili za kuonyesha kuwa wakati umewadia ni pamoja na mizizi kuchungulia kwenye matundu ya chini ya chungu, matunguu kujitokeza juu ya udongo, na chungu cha plastiki kufura ubavuni au kupasuka kwa msukumo wa matunguu.

Mmea ulionunuliwa dukani usipandikizwe siku hiyohiyo, isipokuwa ikidhihirika kuwa udongo wake umelowa chapachapa na unanuka. Tayari umehamishwa kutoka kitaluni hadi dukani, na kutoka dukani hadi nyumbani. Ni vyema kuuacha majuma mawili au matatu uzoee mwanga na joto la makao mapya kabla ya kuusumbua tena.

Hali ya hewa nayo ina uzito. Huu ni mmea wa nyanda za joto. Baridi ya chini ya nyuzi 15 za selsiasi huudumaza, na mizizi isiyokua haiwezi kuponya vidonda. Mombasa na Kilifi, kazi hii inaweza kufanywa karibu wakati wowote. Nairobi, Nakuru na Eldoret, ni busara kuepuka kipindi cha kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo baridi hukaza na udongo hukawia kukauka. Miezi ya Septemba hadi Machi huwa na joto zaidi na hufaa.

Chombo na Udongo

Chungu kipya kizidi kile cha zamani kwa upana wa sentimita 3 hadi 5 tu. Wengi hudhani kwamba chungu kikubwa ni hisani kwa mmea. La hasha. Udongo mwingi usiokuwa na mizizi huhifadhi maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Chungu cha udongo wa kuchoma hupitisha unyevu ubavuni na hivyo hukauka mapema kuliko cha plastiki. Kwa mtu mwenye mazoea ya kunywesha mara kwa mara, chungu cha aina hii ni kinga. Hata hivyo, chungu cha aina yoyote, hata kama ni mkebe wa rangi uliooshwa, lazima kiwe na matundu chini.

Kuna desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu kwa imani kwamba zinasaidia maji kutoka. Desturi hii haina msingi. Maji hayatoki kwa wepesi katika udongo laini kuingia katika kokoto zenye nafasi kubwa. Husimama juu ya kokoto hizo mpaka udongo ushibe kabisa. Matokeo ni kwamba tabaka la udongo uliolowa hupandishwa juu na kusogezwa karibu na matunguu. Kigae kimoja au kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Kokoto zenyewe hazina ubaya zikichanganywa na udongo wote. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za udongo, sehemu mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa au kokoto ndogo sana, na sehemu moja ya mboji. Vipande vidogo vya makaa vinaweza kuongezwa ili kuacha nafasi za hewa. Kipimo ni rahisi: mchanganyiko uliotiwa maji kidogo ukifumbatwa kiganjani kisha kiganja kikafunguliwa, unapaswa kumeguka. Ukibaki donge, unahitaji mchanga zaidi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana katika sehemu kadhaa za Nairobi, usitumiwe.

Hatua za Kupandikiza

Kwanza, mmea usinyweshwe kwa muda wa juma moja kabla ya siku ya kazi. Udongo mkavu huachana na chungu kwa urahisi, na vidonda hupona upesi mahali pakavu.

Pili, mhamishaji avae glavu. Utomvu wa mmea huu, kama ule wa majimbi mengine, una fuwele za kalisi oksaleti ambazo huwasha ngozi na kuchoma kinywa. Kwa sababu hiyohiyo, watoto na wanyama wa nyumbani wazuiwe kuutafuna.

Tatu, chungu kilazwe ubavu na kubonyezwabonyezwa pande zote. Mmea ushikwe karibu na udongo na kutolewa taratibu. Usivutwe kwa vikonyo, kwa kuwa kila kikonyo kinachong'oka ni jani zima lililopotea na kidonda kipya juu ya tunguu.

Nne, udongo wa zamani upunguzwe kwa vidole na matunguu yakaguliwe. Tunguu zima ni gumu na zito. Tunguu lililooza hubonyea na hunuka. Sehemu iliyooza ikatwe kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti hadi nyama safi ionekane. Mizizi iliyo hai isikatwe kwa sababu tu ni mirefu.

Tano, kama kuna haja ya kuugawa mmea, matunguu yatenganishwe pale yanapoachana yenyewe, na kila fungu libaki na jani moja au zaidi pamoja na mizizi yake. Mafungu yenye vidonda yaachwe kivulini siku moja au mbili mpaka vidonda vikauke na kufanya utando. Hatua hii hurukwa na wengi kwa sababu ya pupa, ilhali ndiyo inayoamua kama tunguu litashika au litaoza.

Sita, mmea uwekwe katika chungu kipya kwa kina kilekile uliokuwa nacho awali. Sehemu ya juu ya matunguu ifunikwe kidogo tu. Udongo utiwe pande zote na kubonyezwa kwa wastani, bila kushindiliwa, kwa kuwa mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji.

Kipindi cha Kutulia

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa zamiokulka, hekima hiyo haina budi kulegezwa. Mgeni huyu asipewe jembe hata baada ya mwezi mmoja.

Mintarafu ya maji, mmea ambao mizizi yake haikujeruhiwa unaweza kunyweshwa mara moja, kwa kiasi, ili udongo ukae sawa. Ule uliokatwa usubiri siku tano hadi saba. Baadaye, maji yatiwe pale tu udongo utakapokuwa umekauka hadi chini. Njia ya kupima ni kuchomeka kijiti kikavu hadi karibu na sehemu ya chini ya chungu. Kikitoka na udongo uliogandamana nacho, maji yasubiri. Kikitoka kikavu, mmea unyweshwe mpaka maji yachuruzike chini, kisha kisahani kimwagwe. Ndani ya nyumba za bara, huenda majuma mawili hadi manne yakapita kati ya siku ya kunywesha na nyingine. Ratiba ya kila Jumatatu haifai, kwa sababu udongo haujui kalenda.

Kuhusu mwanga, mmea uwekwe mahali penye nuru ya kutosha lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja, mathalani mita moja au mbili kutoka dirishani. Ingawa unastahimili giza la ofisi, kustahimili si kustawi. Mmea ulio na vidonda huhitaji nuru ili utengeneze chakula cha kuotesha mizizi. Vilevile, usihamishwehamishwe. Kila mahali papya ni mwanzo mpya.

Mbolea isitumiwe mpaka jani jipya lichomoze. Chumvi za mbolea huunguza mizizi michanga, na mmea usiokua hauna kazi nazo.

Kusoma Dalili

Baada ya kupandikizwa, mmea waweza kuonekana kana kwamba umelala kwa miezi miwili au mitatu. Hali hii isimtie mtu hofu, kwani kazi yote inafanyika chini ya udongo. Vikonyo vikibaki vigumu na vijani vikiendelea kung'aa, mambo ni shwari.

Kijani kimoja au viwili vya jani kuukuu vikigeuka manjano, hiyo ni kawaida. Hata hivyo, majani kadhaa yakigeuka manjano kwa mpigo, na vikonyo vikilegea pale vinapogusana na udongo, hiyo ni dalili ya kuoza. Mmea utolewe mara moja, sehemu mbovu ikatwe, na upandwe upya katika udongo mkavu. Kinyume chake, vikonyo vikinywea na kufanya mikunjo huku udongo ukiwa mkavu kabisa, hapo ndipo mmea una kiu ya kweli.

Hata mmea wote ukioza, bado kuna tumaini. Vijani vizima vinaweza kukatwa na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu kidogo. Baada ya majuma au miezi kadhaa, kila kimoja hufanya tunguu dogo mwishoni mwake. Jani la kwanza laweza kuchukua hadi mwaka mmoja kuchomoza. Ni kazi inayohitaji subira, lakini porini ndivyo mmea huu unavyojirudishia uhai baada ya kiangazi.

Ishara kuu ya mafanikio ni chipukizi linalochomoza kama mkuki, likiwa limejikunja. Hufunguka taratibu, likiwa na rangi ya kijani kibichi inayokolea siku baada ya siku. Siku hiyo, mwenye mmea anaweza kusema kuwa umeshika.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa kupandikiza zamiokulka ni kazi ya kujizuia zaidi kuliko kutenda: kuzuia chungu kikubwa, kuzuia maji, kuzuia mbolea, na kuzuia hamu ya kufukua ili kuona kama mizizi imeota. Ni muhimu pia kutaja kwamba mmea huu usifukuliwe katika misitu ya pwani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hairuhusu mtu kutoa mazao katika misitu ya umma bila idhini, na kaya za Wamijikenda, ambazo kadhaa ziliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, ni mahali patakatifu. Miche ya vitaluni inatosha, na jani moja kutoka kwa jirani linatosha zaidi.

Hatimaye, wanafunzi wa Kiswahili wana jukumu lao. Mmea huu wa Afrika Mashariki hauwezi kusemwa kuwa umerejea nyumbani ikiwa wenyeji wake hawawezi kuelezana namna ya kuutunza kwa lugha yao bila kukanganya mchanga na udongo. Istilahi nazo ni kama miche: haitoshi kuzipanda kamusini na kuziacha. Zahitaji kutumiwa katika vitalu, masokoni na majumbani hadi zishike.